Mchumi wa chuoni, wa benki na wa wizarani: jinsi ya kuingia, kuhama, na kutoifunga njia ya kurudi

Kila nikisema mi ni mchumi swali linalofuata ni lile lile, "sa dola itapanda au itashuka?", nikisema sijui naangaliwa kama fundi aliyekuja kazini bila nyundo. Na kiukweli wachumi wapo wanaolipwa kulijibu hilo swali, wapo wanaolipwa kueleza kwa nini halijibiki, na wapo wanaolipwa kumwambia waziri afanye nini jibu lolote likija. Ni fani moja ila kazi tatu.

Vitabu ni vile vile, programu za kompyuta ni zile zile, kinachotofautiana ni saa. Chuoni saa inahesabu miaka, benki inahesabu dakika, wizarani inahesabu siku zilizobaki mpaka bajeti isomwe. Wachumi wengi niliowaona wanaharibikiwa wakihama hawakuwa wajinga hata kidogo, walikuja na saa ya kule walikotoka. Kwa hiyo huu mwongozo nimeupanga hivyo, kwanza ujue saa yako, ndo ufuate masomo, halafu kazi, halafu kuhama.

Hatua ya 1: chukua swali moja, lijibu mara tatu

Hili ni zoezi, fanya kabla hujajaza fomu ya chuo chochote. Tuseme benki kuu imepandisha riba kwa pointi moja ya asilimia. Nini kitatokea?

Mtu wa chuoni hakimbilii jibu, anauliza utajuaje. Maana benki kuu haipandishi riba kwa bahati nasibu, inapandisha ikiona mfumuko wa bei unakuja, sasa ukikuta bei zimepanda baada ya riba kupanda huwezi kusema riba ndo imepandisha, ni sawa na kusema miavuli inaleta mvua. Njia mojawapo wanayotumia ni kuangalia bei za mikataba ya fyucha ya riba, yaani mikataba ya leo inayobashiri riba ya mbele, kwenye dakika 30 tu, 10 kabla ya tangazo na 20 baada yake, kile kilichobadilika mle ndani ndo mshtuko, ile sehemu ambayo soko halikuitegemea. Halafu wanafuatilia huo mshtuko ulivyosambaa kwenye uchumi miezi na miaka inayofuata. Pepa moja, yaani makala ya utafiti, ya namna hiyo kuichukua miaka 4 mpaka itoke ni kawaida tu.

Mtu wa fedha anataka kujua bei ya kitu gani itasogea, kiasi gani, na je soko lilishajua. Hatifungani, yaani karatasi ya mkopo inayouzwa sokoni, yenye diuresheni ya 7 (kipimo cha bei inavyoitikia riba) inashuka bei kwa takriban asilimia 7 riba yake yenyewe ikipanda pointi moja, ila mara nyingi riba ya benki kuu haihamii yote kwenye hatifungani ndefu. Na kama soko lilishategemea pointi 0.75, kilichobaki kama habari ni 0.25 tu. Hapo umefika saa mbili asubuhi na saa tatu bosi anataka sentensi mbili, asomee wateja kwenye simu.

Mtu wa wizarani anafungua jedwali la madeni. Serikali ina deni la bilioni 100, bilioni 30 zinaiva mwaka huu na lazima zikopwe upya. Kama riba ya kukopa nayo imepanda pointi moja, hizo 30 zitakula milioni 300 zaidi kwa mwaka mzima, ila mwaka huu wa kwanza ni kama milioni 150 hivi kwa kuwa madeni hayaivi siku moja, yanaiva yametawanyika. Sasa milioni 150 zinatoka fungu lipi na nani atapiga kelele zikikatwa? Hilo ndo swali la kikao, hakuna atakayekuuliza kuhusu dakika 30.

Jiulize ni aya ipi kati ya hizo tatu ulikuwa unatamani iendelee. Sio ipi inalipa.

Hatua ya 2: msingi, na hapa usidanganywe

Degrii ya uchumi peke yake haitoshi popote siku hizi. Kalkulasi, linia aljebra, uwezekano na takwimu, hizo ni za lazima. Ukiwa na mawazo ya PhD ongeza yale masomo ya hesabu ya kuthibitisha, rial analisisi, maana kamati za udahili zinalitumia somo hilo kama chujio. Nimeona vijana wanarundika masomo kumi ya uchumi wakidhani ndo yanawapa nguvu, wakati ukiwa na A kwenye hesabu ngumu moja inaongea kuliko A tano kwenye masomo ya uchumi ya maelezo.

Kompyuta, yaani programu za kuchambulia data: Stata bado ipo sana vyuoni na kwenye mashirika ya kimataifa, R na Python zipo kote, benki wana Excel mpaka kesho. Usijifunze zote, ijue moja mpaka ya mwisho. Kipimo changu ni hiki, je unaweza kuchukua faili chafu la data, ukaandika skripti inayoanza na hilo faili na kumalizia na jedwali la mwisho bila mkono wako kugusa kitu katikati? Ukiweza hilo umeshawazidi wengi wanaokuja kwenye intavyuu.

Kingine ambacho hakifundishwi, tofauti ya asilimia na pointi ya asilimia. Riba ikitoka asilimia 5 kwenda 6 imepanda kwa pointi moja ya asilimia, au ukipenda imepanda kwa asilimia 20, zote sahihi ila hazimaanishi kitu kimoja. Watu wa benki wamekwepa hii shida kwa kuhesabu kwa besisi pointi, 100 ni sawa na pointi moja. Mimi niliwahi kuandika "imepanda kwa asilimia moja" kwenye taarifa iliyotoka nje ya ofisi, mhariri mmoja akapiga simu kuuliza ni asilimia moja ya nini, ile simu naikumbuka mpaka leo.

Hatua ya 3: PhD, ndio au hapana

Ukitaka kuwa profesa, au mtafiti kwenye idara ya utafiti ya benki kuu kubwa, au kuingia IMF kupitia ile programu yao ya wachumi vijana, PhD kwa kawaida ndo tiketi. Ukitaka kuwa mchumi wa benki ya biashara, mchambuzi wa kampuni ya uwekezaji au ofisa wizarani, shahada ya uzamili nzuri inatosha na hiyo miaka mingine utaitumia kazini.

Marekani PhD ya uchumi ni miaka 5 au 6, unaweza kuingia moja kwa moja toka shahada ya kwanza. Ulaya mara nyingi wanataka uzamili kwanza halafu unaongeza miaka 3 mpaka 5. Vyuo vizuri vinakulipia ada na posho ya kuishi, ukiona umekubaliwa PhD ya uchumi ila ulipe mwenyewe hiyo ni njia ya heshima ya kukwambia hapana, usiuze kiwanja.

Mwaka wa kwanza ndo kinu. Uchumi mdogo, uchumi mpana, ekonometriki (takwimu za uchumi), halafu mtihani ambao ukifeli mara mbili unaondoka, wengine wanapewa uzamili wa kufutia machozi. Baada ya hapo mambo yanageuka kabisa, hakuna tena mtu anayekupa swali, na hapa ndo wale waliokuwa wanaongoza darasa wanashangaa kujikuta mwaka wa nne hawana pepa, maana maisha yao yote walikuwa wanajibu, hawajawahi kuuliza.

Barua za mapendekezo zina uzito kuliko watu wanavyodhani. Profesa maarufu aliyekufundisha ukiwa mmoja wa watu 200 ataandika kwamba ulipata A, basi. Aliyefanya kazi na wewe mwaka mzima ataandika kwamba uligundua data ina makosa kabla yake. Ndo maana siku hizi wengi wanapitia kwanza usaidizi wa utafiti wa mwaka mmoja au miwili kabla ya PhD, zinaitwa pridoki, malipo sio mabaya na unatoka na barua ya mtu anayekujua kweli.

Hatua ya 4: njia ya chuoni

Soko la ajira la wachumi wa PhD ni kama msimu wa kilimo, lina mvua zake, ukipanda nje ya msimu imekula kwako. Kipindi cha Septemba mpaka Novemba unatuma maombi, mengi kupitia tangazo la Jumuiya ya Wachumi wa Marekani, AEA, na kutuma maombi zaidi ya 100 sio ajabu. Intavyuu za kwanza ni Desemba na Januari, zamani mlikuwa mnakutana hotelini kwenye mkutano wa mwaka, siku hizi ni kwa video. Wakikupenda wanakuita chuoni kwao siku nzima, unatoa semina ya saa moja na nusu huku wanakukatiza kila dakika, usiogope kukatizwa, ogopa kimya. Karibu na Machi kuna raundi ya pili ya waliobaki.

Kuna kitu kidogo kizuri pale AEA, kila mwombaji anapewa ishara mbili tu za kutuma kwa waajiri wawili kuonyesha nia ya kweli. Usizitupe kwa chuo kikubwa kuliko vyote ambacho kinajua kila mtu anakitaka. Tuma kwa yule anayekufaa lakini anadhani huwezi kuja kwake.

Unaenda sokoni na pepa moja, sio CV. Pepa moja, na uweze kuieleza kwa dakika mbili kwa mtu asiyejua somo lako, halafu kwa dakika tano kwa mtu anayelijua kuliko wewe.

Ukishapata kazi kuna saa nyingine inaanza, kama miaka 6 au 7 mpaka waamue kukupa ajira ya kudumu au kukuonyesha mlango. Vyuo vikubwa vinaangalia umetoa nini kwenye yale majarida matano, American Economic Review, Econometrica, Journal of Political Economy, Quarterly Journal of Economics na Review of Economic Studies. Marefa, wale wataalamu wanaokagua pepa kabla haijachapishwa, wanakaa na pepa yako miezi, wanarudisha kurasa nane za maswali, unarekebisha mwaka, wanakataa. Kama una ngozi nyepesi jifunze mapema.

Na tunza mafaili yako. Mwaka 2010 Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa pepa ikionyesha nchi zenye deni linalozidi asilimia 90 ya pato la taifa zinakua kwa wastani wa chini ya sifuri, asilimia -0.1. Wanasiasa wakaibeba kutetea kubana matumizi. Mwaka 2013 mwanafunzi wa PhD wa University of Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, alipewa homuweki ya kurudia pepa ya mtu, majibu hayakutoka sawa, akaomba faili la Excel akapewa, akakuta fomula ya wastani imeishia njiani na kuacha nchi tano. Yeye na walimu wake wawili walipohesabu upya wakapata asilimia 2.2. Ila usimlaumu Excel peke yake, sehemu kubwa ya tofauti ilitokana na miaka iliyoachwa na namna nchi zilivyopewa uzito, na Reinhart na Rogoff wenyewe walikubali kosa la fomula lakini wakasimamia kwamba uhusiano wa deni kubwa na ukuaji mdogo bado upo. Ninachotaka ukione ni kwamba kosa lilionekana kwa sababu faili lilitolewa. Faili lako likiombwa kesho utathubutu kulitoa?

Hatua ya 5: njia ya fedha

Huku kuna pande mbili na watu wanazichanganya. Upande wa wauzaji, yaani benki zinazohudumia wawekezaji, mchumi anaandika ripoti na kuongea, jina lake linajulikana, anatokea kwenye televisheni. Upande wa wanunuzi, kampuni zenyewe zinazowekeza pesa, mchumi hajulikani na mtu, anamwambia meneja wa mfuko chumbani na akikosea pesa inaonekana imepotea. Wa kwanza anapimwa kwa kuwa na hoja, wa pili anapimwa kwa kuwa sahihi, na sio kitu kimoja.

Siku moja nikuonyeshe. Ripoti ya ajira ya Marekani kwa kawaida inatoka Ijumaa ya kwanza ya mwezi saa 2:30 asubuhi kwa saa za New York. Utabiri wako umeshatoka siku chache kabla, upo kwenye orodha na wa wenzako wote wanauona. Saa 2:29 meza imenyamaza. Namba inatoka, na ile ya kwanza kwenye skrini sio muhimu peke yake, unashuka haraka uone miezi miwili iliyopita imerekebishwa vipi, mshahara wa saa umepandaje, masaa ya kazi, kiwango cha wasio na ajira, maana namba kubwa inaweza kuwa imepanda huku miezi iliyopita ikipunguzwa zaidi ya hapo. Saa 2:33 unatuma mistari mitatu. Ukituma saa 2:50 ukiwa umechambua vizuri mara mbili hakuna anayesoma, soko limeshaenda. Aliyetoka chuoni anaumia sana hapa, anataka kuongeza "hata hivyo" na "kwa tahadhari", ni kweli zote ila bosi anataka kujua upande.

CFA, cheti cha kimataifa cha watu wa uwekezaji, ina madaraja matatu na inasaidia ukitaka kuwa mchambuzi wa uwekezaji, kwa kazi ya uchumi hasa sio lazima. Cha lazima ni rekodi. Anza sasa hivi, kila mwezi andika utabiri wako wa namba tatu kabla hazijatoka, weka tarehe, usifute. Baada ya mwaka una kitu cha kuonyesha kwenye intavyuu ambacho wenzako hawana, hata kama umekosea nusu, kwa sababu utaweza kueleza ulikosea wapi.

Halafu usijidanganye kwamba kujua uchumi ni kujua biashara ya masoko. Robert Merton na Myron Scholes walipata Nobel ya uchumi 1997, mwaka uliofuata mfuko wa uwekezaji waliokuwa washirika wake, Long-Term Capital Management, ulianguka mpaka tawi la New York la benki kuu ya Marekani likawaita mabenki makubwa mezani, wakachanga kama dola bilioni 3.6 kuuokoa. Modeli hazikuwa za kijinga, walikuwa wamekopa mno tu, na kwa mkopo mkubwa unaweza kuwa sahihi kesho na ukafilisika leo.

Hatua ya 6: njia ya sera

Milango ya kuingilia ni wizara ya fedha, benki kuu, ofisi ya takwimu, mamlaka ya kodi, na mashirika kama World Bank na IMF. World Bank wana programu ya vijana tangu 1963, na mwaka huo huo ilianza ya ODI, taasisi ya utafiti ya Uingereza, ya kupeleka wachumi vijana kufanya kazi miaka miwili ndani ya serikali za nchi zinazoendelea. Usiidharau ofisi ya takwimu jamani, ukikaa miaka miwili kule unajua kila namba imepikwaje, na hakuna anayekudanganya tena na pato la taifa.

Kosa langu la kwanza kwenye kazi ya namna hii lilikuwa ripoti ya kurasa 40. Niliitengeneza wiki tatu, ina viambatisho, ina grafu za rangi. Mkubwa akaifungua, akageuza, akaniuliza "jibu liko ukurasa wa ngapi?" Nikamwambia wa 31. Akaifunga, akasema "nina dakika tano, nieleze." Sikuweza. Tangu siku hiyo naandika ukurasa mmoja, na unakuwa na mpangilio huu: mstari wa kwanza unachopendekeza, halafu gharama yake kwa mwaka huu na mwaka ujao, halafu nani anapata na nani anapoteza, kisha usipofanya kitu itakuwaje, mwisho kitu kimoja usicho na uhakika nacho. Hizo kurasa 40 bado ninazo, zipo mfukoni kwa ajili ya yule mmoja atakayeuliza.

Hiyo sehemu ya usipofanya kitu ndo inasahaulika kuliko zote. Mtu anakuja na sera itakayoongeza mapato kwa asilimia 8, wakati mapato yangeongezeka kwa 6 hata bila sera, kwa sababu uchumi unakua na bei zinapanda. Sera yake imeleta 2. Ukijua kuuliza hilo swali moja kwenye kikao utaheshimika haraka, na utachukiwa haraka pia.

Jiandae pia kwamba ushauri mzuri unaweza kuachwa. Sio rushwa siku zote, wakati mwingine waziri anaona kitu ambacho jedwali lako halina, kwamba bunge halitapitisha. Mpe chaguo la pili bora ambalo linapita.

Hatua ya 7: kuhama

Tazama waliozunguka. Stanley Fischer alikuwa profesa kwenye chuo cha MIT Marekani, akawa mchumi mkuu wa World Bank, akaenda IMF, kisha benki ya Citigroup kuanzia 2002, halafu gavana wa benki kuu ya Israel 2005 mpaka 2013, akamalizia makamu mwenyekiti wa benki kuu ya Marekani. Mario Draghi alipata PhD yake MIT 1977, akafundisha Italia, akaongoza hazina ya nchi yake, akapita benki ya uwekezaji ya Goldman Sachs 2002 mpaka 2005, akawa gavana wa benki kuu ya Italia, halafu rais wa benki kuu ya Ulaya 2011 mpaka 2019. Benno Ndulu alitoka uprofesa wa Dar es Salaam, akapita AERC, mtandao wa utafiti wa uchumi Afrika, na World Bank, akawa gavana wa Benki Kuu ya Tanzania 2008 mpaka 2018. Raghuram Rajan yeye ametoka Chuo Kikuu cha Chicago akaenda IMF, akarudi Chicago, akaenda kuwa gavana India 2013, akarudi tena Chicago 2016.

Ukiangalia vizuri, karibu wote walianza na utafiti. Kutoka chuoni kwenda nje mlango uko wazi karibu miaka yote, kurudi unajifunga kidogo kidogo, maana miaka mitano bila kuchapisha kwenye CV ya kitaaluma inaonekana kama pengo hata kama ulikuwa unaokoa benki. Kwa hiyo kama una hata asilimia 20 ya kutaka uprofesa, anza huko. Na ukitoka, weka pepa moja hai, hata na mwenzako aliyebaki.

Kuhusu maslahi, usichukulie poa. Tangu 2012 AEA wanataka ukiwasilisha pepa kwenye majarida yao useme nani amekulipa dola 10,000 au zaidi ndani ya miaka mitatu kwenye jambo linalohusiana. Benki kuu ya Marekani ilipitisha sheria 2022 kuwakataza maofisa wake wa juu kununua hisa za kampuni moja moja. Sehemu nyingi kuna kipindi cha kupoa, unaondoka serikalini na hauruhusiwi kwenda kuwashawishi wenzako wa jana mpaka muda fulani upite. Soma hivyo vipengele kabla hujaacha kazi, wapo waliokaa nyumbani miezi kadhaa bila mshahara kwa kutosoma ukurasa wa mwisho wa mkataba.

Kuna mlango wa nne pia, kampuni za teknolojia. Hal Varian alitoka chuo cha Berkeley akawa mchumi mkuu wa Google, kazi kubwa ikiwa ni minada ya matangazo, na Amazon wanaajiri PhD za uchumi kwa wingi. Saa ya kule ni wiki mbili mbili, unapima kitu kwa majaribio, unapata jibu, unaendelea, tatizo mengi huruhusiwi kuchapisha.

Jambo la mwisho, la karatasi. Ukiwa na ajira chuoni au serikalini na umepata nafasi ya muda kwingine, omba likizo bila malipo kwa maandishi, iwe na tarehe ya kurudi na cheo utakachorudia, na uipate mkononi kabla hujasaini kule unakokwenda. Mkuu wa idara aliyekwambia "nenda tu, nafasi yako ipo" anaweza kuwa amestaafu siku unayorudi.